Meno ya Kujiletea Mwenyewe

Jumatatu, 10 Februari

Leo nimeacha biolojia na kuingia meno. Niandike ukweli hapa, maana kwingine kote nitaupaka poda: sikutaka meno. Niliomba udaktari wa kawaida. Katibu wa kitivo akaniambia, bila kuondoa macho kwenye kompyuta, kwamba kule kumejaa na nafasi zimebaki kwenye meno peke yake. Nikamuuliza kwa nini zibaki huko.

"Watu hawapendi kinywa ya mutu mwengine," akasema.

Na mimi sikipendi. Tangu nikiwa mdogo kule Bukavu sinywi kwenye kikombe alichonywea mtu, hata awe mama aliyenizaa. Mtu akitafuna mdomo wazi mbele yangu, nahama kiti. Lakini daktari wa meno naye huitwa daktari, na biolojia ilikuwa inanipeleka kwenye ubao wa sekondari, chaki mpaka puani. Nikatia saini.

Jambo moja limenifurahisha. Kwa sababu ya matokeo yangu nimesamehewa mwaka wa kwanza wote, nimeingizwa moja kwa moja mwaka wa pili. Nimemwandikia dada yangu Mawazo, kule Uvira, ujumbe mrefu wa majigambo.

11 Februari

Dr Hyacinthe, msimamizi wa mazoezi, amenipa sharti. Tarehe 15 Aprili nitafanya mtihani wa mikono, peke yangu, kuonyesha kwamba sikupoteza kitu kwa kurukishwa mwaka. Nikishindwa, narudi biolojia. Na meno ya mtihani nijiletee mwenyewe.

"Makumi tatu," alisema. "Ya watu, mademoiselle. Kila mwanafunzi analeta yake, anayapanga mu plasta, anatoboa, anajaza. Ya kutengeneza hatuna."

Nilidhani ananitania. Nikageuka nikaona wenzangu wameshika chupa za mayonezi zilizojaa meno ya watu, wanazitikisa na kulinganisha. Msichana mmoja alikuwa ameiweka yake kwenye mkoba pamoja na mkate wake.

14 Februari

Maabara ina mtunzaji, anaitwa Népomuscène. Ni mwanamume wa makamo, vidole vimegeuka njano kwa sigara, na pumzi yake hufika kabla yake. Anakula karanga juu ya meza ileile ya meno. Leo amenifundisha kuyaloweka kwenye javel, ile dawa kali ya kung'arishia nguo, na kukwangua kwa wembe nyama iliyokaukia kwenye mizizi. "Kwangua polepole, binti," anasema, na karanga inaonekana ulimini mwake.

Nimenawa mikono mara nne. Harufu bado ipo. Sikula.

15 Februari

Wali, bila samaki. Samaki wana meno.

19 Februari

Mawazo amefika kutoka Uvira na mtoto wake Vainqueur, wa miezi minne, na begi moja. Kule mambo yameharibika. Mume wake amebaki kulinda nyumba. Sasa tuko watatu kwenye chumba changu hapa Mutakura. Nilimkumbatia mpaka tukalia wote wawili. Kisha mtoto akanicheulia shingoni, nikaenda kuoga.

26 Februari

Leo tumeingizwa kliniki, kutazama tu.

Mgonjwa alikuwa mwalimu mmoja wa shule, amevaa shati safi na tai. Shavu limevimba. Dr Hyacinthe akamwambia afungue kinywa, na ile harufu ikatoka. Siwezi kuiandika vizuri. Ndani, meno ya nyuma yalikuwa yameoza mpaka yamebaki vigingi, yamezungukwa na utando wa kijani, na mate yanavutika kama uji wa jana. Daktari akagusa ufizi kwa chombo na usaha ukaruka. Tone moja lilitua kwenye kioo cha barakoa yangu, mbele ya jicho.

Nilitapika kwenye sinki. Nilitapika wakati yule mwalimu ananitazama, kinywa wazi, hawezi kukifunga kwa sababu ya vyombo. Macho yake yalijaa machozi, na sidhani yalikuwa ya maumivu.

Baadaye Dr Hyacinthe aliniita kando. Hakupandisha sauti.

"Mutu akifungua kinywa mbele yako, amekuonyesha haya yake yote. Weye unamutapikia. Mi nadhani biolojia ilikufaa."

Nilimchukia. Nilimchukia zaidi kwa sababu alisema kweli.

3 Machi

Mvua. Javel imeharibu kucha zangu.

8 Machi

Nimekwenda mpaka Kanyosha, kwenye kituo kimoja cha afya wanakong'oa meno. Basi hakuna, mafuta hakuna, nimetembea nusu ya njia. Muuguzi alinionyesha ndoo chini ya sinki, akasema chagua. Ndoo ilikuwa na pamba, damu iliyoganda, sindano, na nzi. Nilitia mkono. Nilikuwa nimevaa glavu mbili, na bado nilisikia uvuguvugu.

Nimepata kumi na moja. Népomuscène ameyakagua akatupa matano. "Haya yameoza yote, utatoboa nini?" Yamebaki sita. Wanaotafuta ni wengi kuliko wanaong'olewa, ndivyo ilivyo mwaka huu.

12 Machi

Sita.

17 Machi

Sita. Na Népomuscène amenikohoa usoni.

20 Machi

Leo niandike juu ya Mama Elvire, nipumzike na uchafu.

Ni jirani yetu, uzio mmoja. Mjane, nywele nyeupe, kitenge kimepigwa pasi hata siku ya kufua. Ua wake unafagiwa mara mbili kwa siku mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Vikombe vyake anavichemsha. Mikono yake inanuka sabuni ya kipande, basi. Katika mtaa huu mzima ni nyumba yake peke yake ninapokunywa chai bila kuzungusha kikombe nitafute upande ambao haujaguswa. Watu wanamjia kwa dawa za majani, tumbo, homa, wanawake wenye watoto. Anawapokea wote kwa sauti ya chini.

Nilimlalamikia juu ya meno. Alinisikiliza, kisha akaingia ndani akatoka na chupa ya asali, safi, kifuniko kimefungwa kwa kitambaa. Ndani, meno.

"Wazee wananikuyia jino ikilegea, ninaitoa," alisema. "Hawapendi itupwe ovyo. Minaosha, minaweka. Chukua, mutoto wangu, usome."

Meno meupe, yameoshwa, hayanuki kitu. Karibu nimbusu.

21 Machi

Nimehesabu. Kumi na matatu makubwa, mazima, mazuri kuliko ya mtu yeyote darasani. Chini ya chupa kulikuwa na vitu vingine vidogo, kumi na kimoja, vyeupe, laini kidogo, kila kimoja kama punje ya mchele iliyovunjika. Nadhani ni meno ya utotoni. Sita, na kumi na matatu, na kumi na moja: thelathini kamili. Karatasi ya masharti aliyonipa Dr Hyacinthe imeandikwa "meno ya watu", haikusema ya ukubwa gani.

Sikumwonyesha Népomuscène. Sitaki apulizie pumzi yake juu yake.

2 Aprili

Nimetoboa na kujaza jino la kwanza, la kuazima, bila kosa. Mkono wangu ni mzuri, hata Dr Hyacinthe amekubali. "Mkono iko. Tumbo bado, tutaona." Meno yasiyo na mtu nayaweza. Ni mtu ndiye ananishinda.

9 Aprili

Mvua haikatiki. Maji ya mtaro yameingia ua wote isipokuwa wa Mama Elvire, ambaye ameweka mifuko ya mchanga tangu Februari. Bomba linatoa maji ya rangi ya chai. Vainqueur anaharisha. Nepi zinaning'inia juu ya kichwa changu ninaposoma, na hazikauki.

12 Aprili

Anaharisha bado. Ananyonya ufizi, anatoa udenda, analia. Mawazo halali, nami nina mtihani baada ya siku tatu, na chumba kinanuka. Nimemwambia dada yangu afungue dirisha. Akasema mtoto atapigwa na baridi. Tukanuniana juu ya dirisha.

15 Aprili

Niandike yote, kwa mpangilio, maana nisipoyaandika leo nitayabadilisha.

Asubuhi Vainqueur alikuwa wa moto. Mawazo alitaka kumpeleka kituo cha afya, lakini foleni huko huanza saa kumi na mbili na mvua ilikuwa inamwagika. Aliniomba nimsindikize. Mimi nilikuwa nimevaa koti jeupe, chupa yangu mkononi.

"Yaya, mupeleke kwa Mama Elvire," nilimwambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Yule ni musafi. Atamupa majani, mi nikirudi tutamupeleka."

Nilisema hivyo, kwa kinywa changu. Nikaondoka.

Mtihani ulianza saa tatu. Dr Hyacinthe alimwaga chupa yangu kwenye sinia ili ahesabu. Alifurahi, aliyageuza yale makubwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika kwenye zile punje. Akachukua moja kwa kibano, akaiweka chini ya taa, akamwita Népomuscène. Wote wawili waliinama.

"Hii ni nini?" akaniuliza.

"Meno ya watoto, Docta."

"Ya watoto, ndiyo. Mzizi yake iko wapi?"

Niliangalia. Hapakuwa na mzizi. Hapakuwa na hata dalili kwamba mzizi ulivunjika.

"Hii jino haikuwa imeota," alisema. "Ilikuwa bado ndani ya ufizi. Mutu ameichimbua. Mutoto anaharisha, ufizi unavimba kwa sababu chonge inajitengeneza, wanasema ana ibinyo, ni minyoo, inakula mutoto. Wanachukua waya ya baiskeli, wanachoma, wanaitoa. Hiyo tunafundisha mwaka wa kwanza, wiki ya tatu. We mwaka wa kwanza haukupita." Akazihesabu kwa ncha ya kibano. "Kumi na moja. Nani alikupatia?"

Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba ilikuwa saa tatu na nusu. Nilianza kuvua glavu.

"Ukitoka mu hii chumba, mutihani imekwisha," alisema Dr Hyacinthe. "Ni sheria, hata mi siwezi kuibadilisha."

"Mutoto wa yaya yangu yuko kwake sasa hivi," nikasema, na nikatoka.

Nje, mvua. Basi hakuna. Nilikuwa nimekimbia mpaka geti niliposikia kengele nyuma yangu. Népomuscène, juu ya baiskeli yake, koti lake la maabara limelowa. "Panda," akasema. Nilipanda nyuma, nikamshika kiunoni, uso wangu umebanwa kwenye mgongo unaonuka sigara na jasho. Barabarani maji yalifika kwenye pedali. Hakupumzika mpaka Mutakura.

Mama Elvire alikuwa ananawa mikono. Kipande cha sabuni kimewekwa kwenye kisahani chake, taulo jeupe begani. Kwenye meza, sufuria ndogo ya maji yaliyochemka, na ndani yake waya mmoja wa baiskeli ulionolewa. Pembeni, kisahani cha chai, na juu yake punje mbili.

"Imekwisha, mutoto wangu," aliniambia kwa ile sauti yake ya chini. "Alikuwa nazo mbili, za chini. Sasa atapona. Keti, chai iko."

Mawazo alikuwa amemkumbatia Vainqueur. Mtoto hakuwa analia tena. Damu ilikuwa inatoka pembe zote mbili za mdomo, pamoja na maziwa, na inaingia kwenye mikunjo ya shingo.

"Finya," alisema Népomuscène mlangoni. "Kitambaa safi, kidole, finya ufizi, usiachie."

Nilichana taulo la Mama Elvire. Nikatia vidole vyangu vitupu kinywani mwa mtoto. Niliona kichefuchefu, nisidanganye. Joto lile, utelezi, ulimi mdogo unaosukuma, damu na maziwa chachu vikinitiririkia mkononi. Nilisikia mashimo mawili kwa ncha za vidole. Sikutapika, lakini si kwa ushujaa. Kulikuwa na kitu kingine kilichonitia kinyaa zaidi, na kilikuwa kimevaa koti langu jeupe. Siku ishirini na sita nimekaa na vipande kumi na kimoja vya vinywa vya watoto chini ya kitanda changu. Nilivihesabu, nikafurahi kwamba vimetimiza idadi.

Nilimuuliza Mama Elvire kwa nini. Hakukasirika.

"Miaka makumi mbili ninatoa. Uliza hapa, wangapi wamepona."

"Na wale hawakupona, Mama?"

"Wale waliletwa wamechelewa," akasema, na akafuta tone la damu kwenye meza.

Tulienda kituo cha afya, mimi nyuma ya baiskeli na mtoto mapajani, vidole kinywani mwake, Népomuscène akiisukuma majini, Mawazo nyuma, miguu mitupu. Njiani dada yangu alisema mara moja tu, bila hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "We mwenyewe ulisema yule mama ni musafi."

16 Aprili

Ufizi umevimba. Homa. Wanamwekea maji kwa mshipa wa kichwani.

18 Aprili

Usaha. Ninauosha mimi, asubuhi na jioni. Muuguzi anaweza, nimemwambia ninataka mimi.

20 Aprili

Pasaka. Tumeila benchini, mkate na soda. Népomuscène alileta karanga.

24 Aprili

Amenyonya. Daktari wa zamu anasema kuharisha kulikuwa kwa maji machafu tu; chumvi na sukari kwenye maji yaliyochemshwa vingetosha. Vingetosha kabisa. Chonge za chini za utotoni hatakuwa nazo, na za ukubwani hawajui zitaota vipi. Tunarudi nyumbani kesho.

28 Aprili

Nimemtaja Mama Elvire kwa Dr Hyacinthe. Jioni hiyohiyo alikuja mtaani na mkuu wa mtaa. Wakamweleza, wakamkaripia, akawasikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akawapikia chai, na mkuu wa mtaa akanywa, akasifu tangawizi. Dr Hyacinthe hakugusa kikombe. Mimi niliwatazama kutoka upande wetu wa uzio na nilitaka kutema.

Majirani hawanisalimu. Wanasema nimemuuza mama aliyenisaidia.

9 Mei

Barua ya kitivo. Mtihani: sifuri, kwa kuondoka kabla ya wakati. Wamenipa njia mbili. Nirudi biolojia, mwaka wa tatu, mwaka mmoja tu nimalize na kupata cheti. Au nibaki meno, nianze mwaka wa kwanza upya, pamoja na watoto waliomaliza sekondari juzi.

Mawazo ameisoma mara mbili. "Chukua biolojia, Nsimire. Haya makinywa utayaweza lini?"

Labda sitayaweza. Jana nilimwona Népomuscène akipiga mswaki wa kijiti na nikageuza uso, mtu aliyenibeba majini. Tumbo langu halijabadilika. Lakini wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza wanafundisha kitu ambacho nilijivunia kutokifundishwa. Nimetia saini mwaka wa kwanza. Nimelia kidogo, kwa hasira, kisha nimefua koti.

17 Mei

Mvua zimepungua. Saa nne asubuhi Mama Elvire aliniita kwenye uzio. Hajawahi kuacha kunisalimu, huyo peke yake.

"Nsimire, kuya umuangalie huyu. Weye njo unasoma. Usiseme tena mi nafanya kwa kujificha."

Alikuwa na mwanamke mmoja kutoka Carama, mchovu, matope mpaka magotini, na mtoto wa kike wa miezi mitano hivi mgongoni. Sufuria ndogo ilikuwa tayari jikoni, niliisikia inachemka. Nilinawa, nikampokea mtoto, nikafungua kinywa chake. Maziwa chachu, udenda, ulimi mweupe. Ufizi wa chini, pande zote mbili, umevimba kidogo.

"Ni jino," nilimwambia mama yake. "Inakuya yenyewe. Anaharisha kwa sababu ya maji. Twende kituo cha afya, wamupe maji ya chumvi."

Alinitazama koti, akatazama vidole vyangu. "Uko mwaka wa ngapi?"

Kabla sijajibu, Mama Elvire alijibu yeye, kwa upole, bila ubaya wowote, kama anavyofanya kila kitu. "Walimurudisha mwaka wa kwanza."

Yule mwanamke akavuta pumzi. Niliona uamuzi unapita usoni mwake, na sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningechagua ua uliofagiwa. Akanyoosha mikono kumchukua mtoto wake, ampe Mama Elvire.

Sikumpa. Mtoto alikuwa amekamata kidole changu kwa ufizi na udenda wake unaingia ndani ya mkono wa koti mpaka kiwikoni, vuguvugu, na mwili wangu wote ulikuwa unataka kujipangusa. Nikamgeuza begani, nikatoka getini, nikashika barabara ya kituo cha afya. Nyuma yangu mama yake alianza kupiga kelele, mwizi wa watoto, mchawi, Mungu akulaani wewe na shule yako. Watu walitoka milangoni. Alinitukana njia nzima, na njia nzima alinifuata.